Amjad Khan alikuwa zaidi ya Gabbar

Ukizunguka Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Majengo, ukavuka feri kwenda Likoni au ukapanda Kisauni, hutakosa mtu anayeitwa Gabbar. Pengine ni makanga wa matatu, pengine ni muuza kahawa, pengine ni mzee aliyekuwa golikipa wa timu ya mtaa enzi hizo. Si jina la ukoo, si jina la nabii, wala wazazi wake hawakumpa siku ya akika. Jina hilo limetoka kwenye picha ya Kihindi, na aliyelitia uhai ni mtu mmoja, Amjad Khan, aliyefariki dunia tarehe 27 Julai 1992.

Miaka zaidi ya thelathini imepita tangu azikwe. Vijana wetu leo wanaangalia picha kwenye simu, na wengi wao hawajui Amjad Khan ni nani. Lakini mtajie Gabbar, atakwambia. Jina la mtu wa kubuni limemmeza mtu wa kweli. Huyu bwana aliigiza katika picha zaidi ya mia moja. Alikuwa mfalme, alikuwa baba, alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana, alikuwa polisi wa kutuvunja mbavu kwa kicheko. Sisi tumembakisha juu ya majabali na bunduki mkononi. Leo nataka nimshushe kutoka kule, kwa sababu naona tulivyomfanyia yeye ndivyo tunavyofanyiana sisi kwa sisi mitaani.

Tuanze na asili yake. Amjad alizaliwa tarehe 12 Novemba 1940 katika nyumba ya sinema. Baba yake, Zakaria Khan, alikuwa Mpathani wa asili ya Peshawar, na kwenye picha alijulikana kwa jina la Jayant. Wazee wetu waliokuwa wakiingia Regal na Naaz wakati majumba hayo yangali yakiwaka taa huenda wakamkumbuka kwenye Madhumati ya mwaka 1958. Alikuwa mtu wa kifua kipana na sauti nzito, na watoto wake wawili, Imtiaz na Amjad, wote walimfuata katika kazi ile ile. Amjad alisoma chuo cha National kule Bandra, Bombay, mji unaoitwa Mumbai siku hizi, na huko alikuwa kiongozi wa wanafunzi na mtu wa jukwaani. Tamthilia ndiyo iliyomlea.

Aliingia mbele ya kamera tangu udogo, kwenye picha kama Ab Dilli Door Nahin ya mwaka 1957. Baadaye akawa msaidizi wa K. Asif, yule mwongozaji aliyetengeneza Mughal-e-Azam. Mwaka 1973 akapata sehemu ndogo katika Hindustan Ki Kasam. Kwa hivyo alipofika miaka thelathini na mbili alikuwa bado hajulikani. Alikuwa ameoa, binti wa mshairi mkubwa wa Kiurdu, Akhtar ul Iman, na mtoto wa kwanza yuko njiani. Jina la baba lilimfungulia milango midogo midogo, lakini jina la baba halilishi nyumba ya mtoto.

Wakati huo huo mtayarishaji G. P. Sippy na mwanawe Ramesh walikuwa wanatafuta mtu wa kuigiza jambazi katika picha yao mpya. Hadithi ilikuwa imeandikwa na wawili waliovuma sana, Salim Khan na Javed Akhtar. Nafasi ya jambazi haikuwa ya Amjad. Ilikuwa ya Danny Denzongpa, lakini Danny alikuwa tayari amejifunga kwenda Afghanistan kupiga picha ya Feroz Khan iitwayo Dharmatma, na tarehe zikagongana. Salim ndiye aliyemtaja mtoto wa Jayant. Siku ambayo Amjad alitia saini mkataba wa Sholay ndiyo siku mtoto wake wa kwanza alipozaliwa. Riziki mbili kwa siku moja, na zote mbili hakuzipanga yeye.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Picha ilianza kupigwa Oktoba 1973 huko Ramanagara, katikati ya majabali yaliyo njiani kati ya Bangalore na Mysore. Amjad alifika pale akiwa mgeni miongoni mwa vigogo. Dharmendra alikuwepo, Hema Malini alikuwepo, Sanjeev Kumar alikuwepo, na Amitabh Bachchan ndiyo kwanza anapanda. Siku za mwanzo ulimi wa Amjad ulikuwa mzito. Maneno hayakutoka yanavyotakiwa, akarudia na kurudia mpaka mwongozaji akaona bora apumzishwe. Minong'ono ikaanza. Wakasema sauti yake ni nyembamba, haitoshi jambazi mkubwa kama huyu. Waandishi wenyewe wakaingiwa na wasiwasi, na likazungumzwa suala la kumwondoa. Ramesh Sippy akakataa. Akabaki naye.

Amjad hakujitetea kwa mdomo. Alikwenda kusoma. Kulikuwa na kitabu kuhusu majambazi wa bonde la Chambal, kimeandikwa na mwanahabari Taroon Coomar Bhaduri, baba yake Jaya Bhaduri ambaye naye alikuwa ndani ya picha hiyo hiyo. Jina la Gabbar lenyewe lilitoka kwa jambazi wa kweli wa eneo hilo miaka ya 1950, aliyesifika kwa kuwakata polisi pua na masikio. Amjad alikisoma kitabu kile akamtafuta mtu ndani yake. Akavaa magwanda ya kijeshi yaliyochakaa, meno akayapaka weusi, tumbaku mkononi, na mkanda akauburuta juu ya mawe. Badala ya kupiga makelele kama maadui wa picha za zamani, alizungumza taratibu, akicheka pasipochekesha. Sauti ile iliyolaumiwa ndiyo ikawa silaha yake.

Sholay ikatoka tarehe 15 Agosti 1975. Wiki za mwanzo watu walisema imeanguka. Haikuanguka. Katika jumba la Minerva pale Bombay ilionyeshwa kwa zaidi ya miaka mitano mfululizo. Kampuni ya Polydor ikatoa sahani ya santuri yenye maneno ya picha, si nyimbo, maneno matupu, na watu wakayanunua. Na yaliyokaririwa zaidi kuliko yote yalikuwa ya adui, kwa sauti ile ile waliyotaka kuiondoa. Wahenga wetu walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

Niwakumbushe sehemu moja ambayo kila Muislamu wa Pwani aliyeiona hakuisahau. Ni ile ya Imamu kipofu wa kijiji, aliyeigizwa na A. K. Hangal. Mwanawe kijana ameuawa na Gabbar, na mwili wake umerudishwa kijijini juu ya farasi. Watu wote wamenyamaza, na mzee hajui kilichotokea, anauliza sababu ya kimya kile. Anapapasa mpaka anamfikia mwanawe. Kisha adhana inasikika, na mzee anaomba aelekezwe msikitini. Gabbar hayumo kabisa katika sehemu hiyo. Hasemi neno, hata kivuli chake hakionekani. Lakini yumo katika kila uso. Huo ndio ukubwa wa kazi ya Amjad, kwamba hata asipokuwepo anaogopwa. Ukihesabu dakika zake kwenye picha ile ndefu ya zaidi ya saa tatu, ni chache kuliko za masteringi wote, na bado yeye ndiye tunayeitana kwa jina lake.

Hata kifo cha Gabbar kilibadilishwa. Mwisho wa awali ulimwonyesha Thakur, yule mkuu wa zamani wa polisi aliyekatwa mikono yote miwili, akimuua Gabbar kwa miguu yake, kwa viatu vyenye misumari. India wakati huo ilikuwa imetangaziwa hali ya hatari, na wakaguzi wa picha hawakutaka mtu aonekane akichukua sheria mikononi. Ikabidi mwisho upigwe upya, polisi wafike na kumkamata jambazi akiwa hai. Wengi wetu tuliikulia ile ya polisi kwenye kanda za video za kukodi, tukidhani hakuna nyingine.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye hakuiona Sholay, si mwisho ule wala huu. Jayant alifariki tarehe 2 Juni 1975, miezi miwili na nusu kabla ya picha kutoka. Baba aliyefanya kazi ile maisha yake yote, ambaye jina lake ndilo lililomfikisha mwanawe kwa akina Sippy, hakuwahi kuliona jina la mwanawe likiwa kubwa kuliko lake. Mimi kila nikiangalia Sholay hukumbuka hilo. Na Amjad naye alibaki na donda jingine. Alipojua kwamba waandishi waliwahi kuitilia shaka sauti yake, uhusiano wao ulipoa, na njia zao zikaachana.

Umaarufu ukaja kwa kasi. Kampuni ya biskuti ya Britannia ikamtumia Gabbar kutangaza biskuti za glukosi za watoto. Fikirini hapo. Jambazi muuaji anauza biskuti za watoto, na watoto wanazitaka. Kabla ya hapo matangazo yalikuwa ya masteringi na warembo. Watengenezaji picha nao wakajipanga mlangoni kwake wote na ombi moja, tupe Gabbar mwingine. Akawapa. Katika Parvarish ya mwaka 1977 alikuwa jambazi tena. Katika Inkaar ya mwaka huo huo alikuwa mteka watoto. Zikafuata Mr. Natwarlal, Suhaag, Naseeb, Kaalia, Satte Pe Satta. Amitabh akiwa upande huu, Amjad upande ule, tiketi zimekwisha.

Katikati ya mbio hizo ikampata ajali. Mwaka 1976 alikuwa akisafiri kwa gari kwenye barabara kuu ya kuelekea Goa, kwenda kupiga picha ya The Great Gambler. Gari likaharibika vibaya, mbavu zake zikavunjika na pafu likatobolewa. Pale hospitali palitakiwa mtu wa kutia saini karatasi za upasuaji, na aliyetia saini ni Amitabh Bachchan, adui yake wa kwenye picha na rafiki yake wa nje ya picha. Amjad alipona, lakini dawa alizopewa zilimnenepesha, na unene ule haukumtoka tena. Ukiangalia picha zake kwa mpangilio wa miaka utaona mwili unavyobadilika. Watu walicheka unene wake, wakidhani ni ulafi wa biriani. Ulikuwa ni gharama ya kubaki hai.

Na ndipo alipofanya kazi ambayo mimi naiweka juu ya zote. Mwaka huo wa 1977, Satyajit Ray, mwongozaji mkubwa wa Bengal aliyeheshimiwa duniani kote, alitoa Shatranj Ke Khilari, maana yake wacheza sataranji. Hadithi ni ya Premchand, na mahali ni Lucknow mwaka 1856. Mabwana wawili wa kitajiri, Sanjeev Kumar na Saeed Jaffrey, wamezama kwenye sataranji huku nchi yao inachukuliwa. Mfalme wa nchi hiyo ya Awadh ni Wajid Ali Shah, na Ray alimpa Amjad Khan taji hilo. Gabbar akawa mfalme mshairi, mtunzi wa nyimbo, mpenda ngoma, mtu mpole ambaye Kampuni ya Waingereza inamwona ni mvivu asiyefaa kutawala.

Jenerali Outram, aliyeigizwa na Richard Attenborough, anamletea mkataba wa kuisalimisha nchi. Mfalme hana jeshi la kupambana nao. Hatii saini. Anavua taji lake na kumnyoshea yule Mwingereza. Amjad anaifanya sehemu hiyo bila kupaza sauti. Macho yanatosha. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa sana hapo. Sisi pia tunaijua kampuni iliyotoka Uingereza na karatasi mkononi. Ile yetu ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888, ikashika utawala wa ukanda huu kwa makubaliano na Sultani wa Zanzibar, na mambo ya ardhi ya maili kumi yanatuandama mpaka leo. Nikimwona Wajid Ali Shah wa Amjad Khan, siioni Lucknow peke yake.

Picha ile haikujaza majumba kama Sholay. Haikutoa jina la utani hata moja mitaani. Hakuna Wajid pale stendi ya matatu. Lakini ni sauti ile ile, uso ule ule, mtu yule yule, miaka miwili tu baadaye.

Mwaka 1978 ikaja Muqaddar Ka Sikandar, picha iliyoongoza kwa mapato India mwaka huo. Amjad ni Dilawar, mhuni anayempenda Zohra, na Zohra, ambaye ni Rekha, moyo wake uko kwa Sikandar. Dilawar si adui wa kutaka pesa au kutaka kijiji. Ni mtu aliyependa asipopendwa. Anapigana na Sikandar mpaka wote wawili wanakufa, na dakika ya mwisho ndipo anapojua kwamba Sikandar hakuwa akimtaka Zohra kamwe. Amekufa kwa ajili ya dhana. Nyumba ngapi zetu zimevunjika kwa dhana? Nilikuwa kijana mdogo nilipoiona mara ya kwanza, na niliondoka nikimlilia adui zaidi ya steringi.

Tukifika mwaka 1981, utaona mtu anayejitahidi kutoka gerezani. Katika Laawaris alikuwa baba aliyemkana mwanamke mwenye mimba yake, na mtoto akakua bila kujua kwao. Jina la picha hiyo masikio yetu yanalishika bila mkalimani, kwa kuwa ndani yake mna warithi, neno tulilochota kisima kimoja na wao. Laawaris ni yule asiye na wa kumdai wala wa kumrithi. Amjad alimwigiza baba yule kwa aibu, si kwa ubabe. Ni mtu ambaye dhambi ya ujana inambishia mlango akiwa mtu mzima mwenye heshima zake.

Na mwaka huo huo ikatoka Yaarana, urafiki. Humo Amjad ni Bishan, tajiri aliyelelewa pamoja na maskini Kishan, yaani Amitabh. Bishan anaamini sauti ya rafiki yake ni ya kuwika mjini, basi anaingia gharama, anaweka mali rehani, anakaribia kupoteza nyumba yake ili rafiki apande jukwaani. Yule tuliyezoea kumwona akichoma vijiji sasa anajichoma yeye mwenyewe kwa ajili ya mwenziwe. Alipewa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi bora. Ilikuwa ya pili, kwa sababu alishaipata kwa picha ya Dada ya mwaka 1979. Kwa Gabbar hakupata tuzo hiyo.

Kuchekesha nako alikuweza. Feroz Khan, yule yule ambaye picha yake ya Afghanistan ilimzuia Danny na kumfungulia Amjad njia, alimwita mwaka 1980 katika Qurbani. Qurbani ndiyo kurubani yetu, dhabihu. Akampa sehemu ya inspekta wa polisi mwenye vituko. Katika Love Story ya mwaka 1981 alikuwa konstebo wa kuchekesha akiwasaka vijana wawili wapenzi waliotoroka. Na kwa Maa Kasam ya mwaka 1985 akachukua tuzo ya Filmfare ya mchekeshaji bora. Mtu aliyewatia watoto hofu mpaka wakalala mapema, ndiye aliyekuja kutuzwa kwa kuwachekesha.

Alijaribu pia kuongoza picha zake mwenyewe, Chor Police mwaka 1983 na Ameer Aadmi Gareeb Aadmi mwaka 1985. Hazikuvuma. Alikuwa rais wa chama cha waigizaji, akikaa baina ya waigizaji na watayarishaji pale wanapokosana, kazi ya kusuluhisha ambayo haina makofi. Na nje ya kazi alijulikana kwa chai. Wanaomkumbuka wanasema alikunywa vikombe kwa vikombe mchana kutwa. Kuna kisa kinachosimuliwa mpaka leo kwamba siku moja maziwa yaliisha pale alipokuwa akifanya kazi, na kesho yake akaleta nyati wa maziwa ili chai isikatike. Kama kimeongezwa chumvi Mungu ndiye ajuaye, lakini sisi watu wa chai ya maziwa hatuwezi kumlaumu.

Uzito ule ulioanza na ajali ulizidi kumlemea, na kazi zikapungua. Tarehe 27 Julai 1992 moyo wake ukasimama. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na moja, umri ambao kwetu mtu ndiyo kwanza anaanza kuitwa mzee barazani. Magazeti ya India yalipoandika, na redio ziliposema, jina lililotangulia lilikuwa lile lile, Gabbar.

Kuna watakaoniambia, wewe mwandishi, Gabbar ndiyo heshima yake, sasa unataka kumpokonya? La. Nakubali kwamba bila Gabbar nisingekuwa naandika habari zake hapa Mombasa, na yeye mwenyewe aliishi kwa jina lile, akala kwalo. Ninachosema ni kwamba heshima ikikaa mahali pamoja inageuka kuwa pingu. Mtu anakuwa mkubwa kwa jambo moja, kisha jambo hilo linafunga mlango wa mengine yote.

Hapo ndipo ninaporudi mitaani kwetu. Nina jirani mmoja, simtaji, ambaye kila mtu anamwita Gabbar. Alipata jina hilo akiwa kijana mdogo mwenye vurugu na ndevu za mapema. Leo ni fundi wa mashua anayeheshimika, safu ya mbele msikitini, hagombani na mtu. Alipomwoza binti yake, sheikh aliuliza jina la walii ili nikahi ipite. Watu wakatazamana. Wamekaa naye miaka thelathini, wamekula naye maulidini, na hawakujua jina alilopewa na mamake. Likacheka baraza zima, naye akacheka nao. Lakini mimi nilikaa karibu naye, na niliona kicheko chake kilivyochelewa kufika.

Tunao wengi wa namna hiyo. Kuna kijana aliyeshikwa mara moja na kosa la utotoni, akatumikia kifungo chake, akarudi, na mpaka leo anaitwa kwa kosa lake. Kuna binti aliyeachika mara moja, basi jina lake likawa hilo. Kuna mwanafunzi aliyefeli darasa la nane, sasa ana biashara yake na wafanyakazi wake, na bado shangazi anamtambulisha kwa wageni kwa kufeli kule. Kila mmoja wao ana picha nyingine alizocheza baada ya ile. Hatukukata tiketi kuziona.

Na upande wa pili, kwa vijana wanaoambiwa sauti yao haitoshi, iwe ni sauti ya kuimba, ya kuadhini, ya kusimama mbele ya watu au ya kuomba kazi, somo la Ramanagara liko wazi. Amjad Khan alipewa shaka, hakurudisha matusi. Alikwenda kusoma kitabu. Na pembeni yake alisimama mtu mmoja mwenye mamlaka aliyekataa kumfukuza. Vijana wetu wana wajibu wa kusoma, na sisi tulio na mamlaka madogo madogo, walimu, mafundi wakuu, mameneja, tuna wajibu wa kuwa Ramesh Sippy wa mtu angalau mmoja.

Kwa hivyo Ijumaa hii jioni, baada ya Isha, kama familia imekaa na mnatafuta cha kuangalia, iacheni Sholay ipumzike. Tafuteni Yaarana mumwone akiwa rafiki. Tafuteni Shatranj Ke Khilari mumwone akivua taji. Na kesho ukimkuta Gabbar wa mtaani kwenu, muulize jina lake.

Allah amrehemu Amjad Khan, na atufinikie sisi sote aibu zetu. Amin.